Ukuta Nao Unapumua: Kwa Nini Saruji Huharibu Nyumba za Kale

Tuseme umerithi nyumba ya kale pale Mikindani. Kuta nene za mawe, baraza mbele, lipu ya chokaa imeanza kubanduka. Fundi anakwambia: "Hii tupige saruji tu, umalize kazi." Saruji inapatikana kirahisi, maana Mtwara kuna kiwanda chake tangu 2015. Sasa kabla hujakubali, tuangalie kinachotokea ndani ya ukuta.

Mawe ya matumbawe yamejaa vitundu, kama sponji. Yanafyonza maji kutoka ardhini, na pwani maji hayo huja na chumvi. Lipu ya chokaa nayo ina vitundu, kwa hiyo jua likiwaka maji hupita na kutoka kama mvuke. Ukuta unalowa, kisha unakauka. Ndiyo maana mafundi husema ukuta unapumua.

Ukiufunika kwa saruji, njia hiyo inazibwa. Maji yanaendelea kuingia kwa chini lakini hayana pa kutokea, basi yanapanda juu zaidi. Chumvi inajikusanya nyuma ya saruji, inageuka fuwele, na fuwele zikikua ndani ya vitundu zinalisukuma jiwe hadi linakuwa unga. Kwa nje unaona ukuta msafi. Kwa ndani unasagika. Siku saruji ikibanduka, inaondoka na jiwe lenyewe.

Chokaa ina kemia ya kuvutia. Unachoma mawe ya chokaa kwenye joto la kama nyuzi 900 za Selsiasi, yanatoa hewa ya kabonidayoksaidi. Ukiyamwagia maji yanachemka na kulainika. Ukiipaka ukutani, chokaa inaivuta tena kabonidayoksaidi kutoka hewani na polepole inarudi kuwa jiwe. Yaani unapaka ukuta kwa kitu cha aina ileile ulichojengewa!

Halafu kuna dari. Dari za nyumba hizi hushikiliwa na boriti za mikoko, miti ya misitu kama ile ya maingilio ya Mto Ruvuma, upande wa Mahurunga. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, mara nyingi mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Unyevu uliofungiwa ukutani ukifika kwenye ncha za boriti, zinaoza. Hapo si suala la urembo tena, ni usalama wa watu wanaolala chini yake.

Na wenye nyumba za miti na udongo, Mahurunga na kwingineko, kanuni ni hiyohiyo. Udongo hutanuka na kusinyaa, saruji ni ngumu. Inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa, na lipu inaanguka vipande vikubwa.

Basi ufanyeje? Anza na maji: ziba paa linalovuja, ondoa udongo uliorundikana kwenye msingi. Saruji ya zamani ibandue taratibu, usilipasue jiwe. Piga chokaa kwa tabaka nyembamba, na uilinde isikaushwe haraka na jua. Kisha malizia kwa chokaa nyepesi ya kupaka, ukichanganya rangi ya udongo uipendayo. Vidaka vya ukutani vitunze: weka taa, vitabu, picha za wazee. Nyumba itakuwa yako kweli, na kuta nene zitakupunguzia joto la mchana.

Tahadhari mbili. Usitumie chokaa ya matumbawe yaliyong'olewa baharini. Uchimbaji huo umeumiza miamba ya Mikindani, na samaki wanakosa makazi. Tafuta chokaa ya mawe ya nchi kavu. Pili, mikoko haikatwi bila kibali, na maingilio ya Ruvuma yamo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000.

Kama kuna anayedhani nyumba hizi hazifufuki, atembelee Boma la Mikindani. Wajerumani walilijenga mwaka 1895, baadaye likachakaa, likakarabatiwa na leo ni hoteli.

Hujui ukuta wako una nini? Tafuta sehemu isiyo na rangi ya dukani, nyunyiza maji kidogo. Yakifyonzwa haraka, ukuta bado unapumua. Yakitiririka, huenda umeshazibwa.