Je, Wajua? Datsun 240Z huchaguliwa kwa bodi kabla ya injini

Datsun 240Z, gari la michezo lililozinduliwa Japani mwaka 1969, lilishinda mbio za Safari Rally mara mbili: 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Wanaotafuta 240Z kuukuu la kulifufua wenyewe mara nyingi hukimbilia kufungua boneti. Hapo siyo pa kuanzia. Injini yake ya lita 2.4, yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ni imara na haina mafumbo: kabureta mbili, hakuna kompyuta. Fundi mwenye spana nzuri na subira anaishusha, anaifungua na kuirudisha.

Adui ni kutu. Gari hili halina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na bati lake ni jembamba. Ndiyo maana mnunuzi makini huanza chini ya betri, ambako asidi hula bati kimyakimya. Kisha huinua zulia akague sakafu, halafu hupitisha sumaku kuzunguka matao ya magurudumu ya nyuma. Isiponasa, chini ya ile rangi inayong'aa kuna puti, chuma kilishaliwa zamani. Kazi ya kukata na kuchomelea mabati mapya inaweza kugharimu zaidi kuliko gari lenyewe.

Katika miaka ya 1990 hata Nissan yenyewe, iliyotengeneza magari ya Datsun, ilinunua magari makuukuu ya 240Z nchini Marekani, ikayakarabati na kuyauza tena kupitia mawakala wake.