Je, Wajua? Maiki Huisikia Hedifoni Yako

Je, wajua kwamba maiki ya mwimbaji huisikia pia hedifoni aliyovaa? Biti inayochezwa masikioni hupenya pembeni mwa vikombe, ikasafiri sentimita 20 au 30 hivi, ikarekodiwa pamoja na sauti. Prodyuza akibadilisha biti wiki ijayo, ile ya zamani ingali imo ndani ya sauti ya mwimbaji, na kuing'oa bila kuijeruhi sauti yenyewe ni kazi ngumu.

Maiki inayochukua sauti za mbele tu haisaidii hapa. Mbele yake ndipo kilipo kichwa cha mwimbaji, na hedifoni iko kichwani.

Je, wajua kwa nini hedifoni za kurekodia hufungwa nyuma? Mgongo mzima wa kikombe, usio na matundu, huizuia sauti isitoke. Zile za mgongo wazi, ambazo Sennheiser ya Ujerumani ilizitangulia mwaka 1968 kwa HD 414, huacha hewa ipite, na wanaochanganya sauti huzipenda kwa kuwa muziki husikika kwa upana zaidi. Mtu aliye peke yake mezani azitumie kwa raha. Anayesimama mbele ya maiki asizivae.

Je, wajua kwamba Burundi ina sababu yake yenyewe ya kujali kuvuja huku? Tunayo inanga ya kunong'ona. Mpigaji huchezesha nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa kama chombo kirefu, naye huimba kwa mnong'ono badala ya sauti kamili. Mazungumzo ya kawaida hufika desibeli 60 hivi, mnong'ono hubaki karibu na 30. Ili kuunasa, fundi hulazimika kuikaza maiki sana, na kila kinachovuja hukazwa pamoja nao. Pigo dogo la metronomu, ule mlio wa kuhesabia mapigo, ambalo mtu wa hip hop asingeligundua, kwenye inanga litasikika kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ngoma zetu hazina shida hiyo. Wapiga ngoma wa Burundi, ambao ngoma yao ya kifalme iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, hupanga ngoma nusu duara kuizunguka ngoma ya katikati, inkiranya, na ngoma nyingine hufuata mapigo yake. Metronomu ya nini?

Je, wajua kwamba ngoma hizo zilirekodiwa na Wafaransa mwaka 1967, na mwaka 1971 zikaongezewa gitaa na kinanda Ulaya na kutolewa kwa jina la "Burundi Black"? Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada naye akaimba juu ya rekodi ya ngoma za Burundi katika wimbo wake "The Jungle Line". Leo kuimba juu ya kilichokwisha kurekodiwa ndiyo kazi ya kila siku katika vyumba vidogo vya kurekodia vya Bujumbura, na ndiyo kazi inayodai hedifoni iliyofungwa.

Je, wajua kwamba katika studio za redio spika huzimika zenyewe mara maiki inapofunguliwa? Vinginevyo sauti ingezunguka kutoka spika hadi maiki na kurudi, ikapiga mluzi. Kuanzia hapo mtangazaji hutegemea hedifoni peke yake.

Sasa tuje kwenye pesa, maana kwa mtu wa Bujumbura kuipata dola ndicho kikwazo cha kwanza. Sony MDR-7506 imekuwa sokoni tangu mwaka 1991 na bado ipo studio nyingi duniani. Marekani huuzwa karibu dola 100. Sennheiser HD 280 Pro iko katika kiwango hicho hicho, na watengenezaji wake wanasema inaweza kupunguza kelele za nje hadi desibeli 32. Audio-Technica ATH-M20x huuzwa kwa takriban nusu ya bei hiyo. Beyerdynamic DT 770 Pro ni ghali zaidi, ila mito yake ya kitambaa laini hubadilishwa kwa urahisi na vipuri vyake huuzwa kimoja kimoja. Kwa studio inayoanza, mimi ningenunua M20x mbili kabla ya kununua moja ya bei kubwa. Mwimbaji na prodyuza wote wawili wanahitaji kusikia, na anayesikia kupitia spika chumbani humo humo anaiharibu kazi.

Je, wajua kwamba namba ya omu iliyoandikwa kwenye boksi si alama ya ubora? Ni ukinzani wa umeme. DT 770 Pro hutengenezwa kwa omu 32, 80 na 250. Ile ya 250 ikichomekwa kwenye simu au kadi ndogo ya sauti hutoa sauti hafifu. Kama kadi yako ni ya bei ndogo, baki chini ya omu 80.

Kofia, kilemba, ushungi, misuko minene na miwani huacha upenyo kati ya mto na ngozi. Kupitia upenyo huo besi hupotea, biti huvuja, na mwimbaji huomba aongezewe sauti, kwa hiyo ikavuja zaidi. Binti wa mtaa wa Buyenzi aliyejifunga ushungi asiambiwe auvue. Atafutiwe hedifoni yenye vikombe vikubwa vinavyozunguka sikio zima, na kitambaa kinyooshwe kisiwe na mikunjo chini ya mto. Vikombe vidogo vinavyokaa juu ya sikio havimfai.

Je, wajua kwamba mwimbaji anayefungua sikio moja ili ajisikie amefungua bomba? Kikombe kilichoachwa wazi humwaga biti yote hewani. Dawa ni kupeleka sauti kwenye sikio lililofunikwa tu na kulizima la pili. Au akiminye kile kikombe kitupu nyuma ya sikio, kikaze kwenye fuvu.

Mlio mkali wa metronomu huvuja kuliko vyote. Ubadilishe uwe mlio mzito na mfupi, kisha uuzime kabisa pale wimbo unapotulia.

Je, wajua kwamba hedifoni za Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kwa milisekunde 100 hadi 200? Kwenye wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500. Ukichelewa 150 umeshapita robo ya pigo, na hakuna mwimbaji wa kulaumiwa. Rekodi kwa waya.

Hedifoni iliyofungwa huzuia vizuri sauti nyembamba, lakini mngurumo wa jenereta huipenya. Shirika la umeme, REGIDESO, likikata umeme, isogeze jenereta mbali, usitegemee vikombe.

Je, wajua kwamba kwa kanuni inayotumiwa na wataalamu wa usalama kazini Marekani, desibeli 85 huvumilika kwa saa 8, na kila nyongeza ya 3 hukata muda huo nusu? Kwenye 94 umebakiwa na saa moja, kwenye 100 dakika 15. Hapa nawasihi vijana wanaorekodi usiku kucha: seli za ndani ya sikio zikifa haziumbiki upya, na ndizo mtaji wenu.

Joto la Bujumbura na jasho huila mito ya ngozi bandia, ikabambuka vipande vipande. Ipanguse kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi. Waya ukikatika usiitupe hedifoni. Fundi wa simu anaweza kuuchomelea, ila mkumbushe kwamba nyuzi zile nyembamba zimepakwa rangi inayokinga umeme, na risasi haishiki mpaka rangi hiyo iunguzwe au ikwanguliwe.

Kabla ya kulipa, iombe hedifoni uijaribu. Cheza metronomu kwa sauti ambayo ungeimba nayo, ivae, shika simu ya pili mbele ya mdomo na urekodi nusu dakika ukiwa kimya. Kisha isikilize rekodi hiyo kwa sauti ya juu. Ukiyahesabu mapigo bila taabu, irudishe. Jaribio hili halimpendelei mtu wala jina la kampuni, na bandia za Sony zipo nyingi sokoni: MDR-7506 halisi ina gramu 230 bila waya, kwa hiyo muuzaji mwenye mizani ya dukani anaweza kukusaidia.

Mwulize pia kama adapta ya pini kubwa, ile ya milimita 6.35, imo ndani ya boksi. Kadi nyingi za sauti zina tundu hilo tu.