Uulize Uwanja Kabla ya Kuuliza Bei

Simama asubuhi ya Jumamosi kando ya meza za viatu vya mtumba pale Karume, Ilala, uwatazame vijana wanaotafuta njumu. Mkono unakwenda kwanza kwenye rangi. Kisha jicho linatafuta jina la kampuni ubavuni. Kisha linakuja swali: "Kaka, hizi bei gani?" Muuzaji anataja, mnunuzi anaomba apunguziwe, wanaelewana, kiatu kinaingia kwenye mfuko. Katika biashara yote hiyo, upande wa chini wa kiatu, ule utakaokutana na ardhi kwa dakika tisini, mara nyingi haujatazamwa hata mara moja.

Nami nilinunua hivyo hivyo nikiwa kidato cha tatu. Zilikuwa njumu nyeusi, ngozi laini, chini zina meno sita ya chuma. Nilizipenda kwa ule mlio wake zikigusa sakafu, kama za wachezaji niliokuwa nawaona kwenye televisheni wakitoka vyumbani. Jioni yake nikaingia nazo kwenye kiwanja chetu cha ardhi nyekundu, iliyoshindiliwa na miguu ya watu na kukaushwa na jua la kiangazi. Meno hayakuzama hata nusu. Nilikuwa kama mtu aliyesimamishwa juu ya misumari sita, na kila mmoja ulikuwa unanisukuma unyayo. Kufikia mapumziko nilikuwa nachechemea. Kipindi cha pili nilicheza na raba za kuazima.

Njumu zile hazikuwa mbovu. Zilitengenezwa kwa ajili ya nyasi zilizolowa, mimi nikazipeleka kwenye udongo mkavu. Tangu siku hiyo naamini kwamba njumu huchaguliwa kuanzia chini kwenda juu: uwanja kwanza, mguu pili, nafasi unayocheza tatu. Jina na rangi vije mwisho, kama bado kuna fedha mfukoni.

Herufi mbili zinazosema mengi

Kwenye ulimi wa kiatu, kwenye soli au ubavuni mwa boksi, kampuni nyingi huandika herufi mbili. Watu wengi huzipita bila kuzisoma, na humo ndimo mtengenezaji alimosema kiatu hiki ni cha wapi.

SG ni kiatu cha uwanja laini uliolowa. Meno yake ni machache, kwa kawaida sita, marefu, ya chuma au yenye ncha ya chuma, na hufunguliwa kwa ufunguo maalumu yakichakaa. Kazi yake ni kupenya tope mpaka yakutane na udongo unaoshika. FG ni cha nyasi za asili zenye ardhi imara. Meno yake ni kumi hadi kumi na tatu hivi, ya plastiki ngumu, yameungana na soli. AG ni cha nyasi bandia: meno ni mengi zaidi, mafupi, na mara nyingi yana uwazi ndani. TF kina vijipele vingi vya mpira, hakina meno hasa. Ni cha kapeti fupi na ardhi ngumu. IC au IN ni soli bapa ya mpira kwa sakafu ya ukumbini.

Tofauti hizi zina sababu. Meno ya njumu yana kazi mbili zinazovutana: kushika ardhi unapokimbia na kuiachia unapogeuka. Kiatu kisichoshika kitakuangusha, utainuka na kujifuta vumbi. Kiatu kisichoachia ni hatari zaidi, kwa kuwa mwili unageuka na mguu unabaki umeng'ang'ania pale pale, na msokoto huo unapokelewa na goti. Daktari Joseph Torg na mwenzake Quedenfeld waliliona hilo Philadelphia, Marekani, walipowachunguza wanafunzi wa sekondari wanaocheza ule mpira wa Kimarekani. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 1971 walionyesha kwamba timu zilipoacha viatu vyenye meno machache marefu na kuvaa vyenye meno mengi mafupi, vya aina inayotumika kwenye soka, majeraha ya goti yalipungua. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado tunanunua kwa kutazama rangi.

Soka la mchangani linataka kiatu cha mchangani

Jina tumelitoa wenyewe: soka la mchangani. Vijana wetu wengi wanajifunza mpira kwenye changarawe, kwenye udongo mwekundu, kwenye mchanga wa pwani, kwenye viwanja vya shule ambavyo nyasi zimebaki pembeni tu. Mechi za ndondo za mtaani zinazojaza watu mpaka juu ya miti huchezwa kwenye ardhi hiyo hiyo. Lakini njumu nyingi za mtumba zinazotufikia zilianza maisha Ulaya, kwenye viwanja vinavyonyeshewa mvua na kumwagiliwa maji. Ndiyo maana kwenye meza ile ile utakuta SG za chuma zikiuzwa kwa bei ya kuvutia. Kwa mchezaji wa mchangani, bei hiyo ni mtego.

Ardhi ngumu inataka meno mengi, mafupi, ya mviringo. Yakiwa mengi, uzito wa mwili unagawanyika na unyayo haupati shinikizo sehemu moja. Yakiwa mafupi, hayakuinui ukayumba, na kifundo cha mguu hakiteguki kirahisi. Kwa mazoezi ya kila siku kwenye udongo uliokauka, TF inafaa kuliko njumu yoyote ya gharama. Ukikosa, tafuta FG yenye meno mafupi ya mviringo, ukwepe yale marefu yaliyo bapa kama kisu.

Masika yakiingia, kiwanja kile kile kinakuwa kingine. Udongo wa mfinyanzi ukilowa hujaa katikati ya meno mengi mafupi mpaka soli inakuwa tofali. Hapo ndipo meno machache na marefu yanapopata kazi yake, kwa sababu tope linadondoka kwa urahisi. Mchezaji anayeweza kumiliki jozi mbili, moja ya kiangazi na moja ya mvua, amejipa kinga kubwa. Asiyeweza achague ya kiangazi, kwa kuwa siku kavu ni nyingi kuliko siku za tope.

Nyasi bandia nazo zimeongezeka. Kaitaba mjini Bukoba, Nyamagana mjini Mwanza, Amaan kisiwani Unguja, uwanja wa Karume wa TFF: vyote vimewekewa kapeti. Ukivuka mpaka kwenda Congo, TP Mazembe wanachezea kapeti Lubumbashi. Kapeti hushika meno kuliko nyasi za asili, maana halichaniki wala halisogei. Meno marefu au ya bapa yakinasa humo, goti ndilo linalolipa. Pia kapeti hupata joto kali sana kwenye jua la mchana, kuliko nyasi za asili, na soli iliyogandishwa kwa gundi hafifu huanza kuachia. Viatu vya meno ya chuma havifai kabisa hapo, na viwanja vingi vya kapeti havivikubali.

Siku mvua ilipoamua

Kuna mechi ambayo hadithi yake haitengani na meno ya njumu. Tarehe 4 Julai 1954, mjini Bern, Uswisi, Ujerumani Magharibi iliingia fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Hungaria, timu iliyokuwa haijafungwa kwa takribani miaka minne na iliyokuwa imewachapa Wajerumani hao hao 8-3 wiki mbili nyuma. Siku hiyo mvua ilinyesha. Adi Dassler, mwanzilishi wa Adidas, alikuwa na timu ya Ujerumani akiwa na viatu vyepesi vyenye meno ya kufungua na kufunga, na kwa kuwa uwanja ulilowa wachezaji walifungiwa meno marefu. Hungaria ilipata mabao mawili ndani ya dakika nane. Ujerumani ikasawazisha, na dakika ya 84 Helmut Rahn akafunga la tatu.

Meno peke yake hayachukui kombe. Walihitajika Rahn, nahodha Fritz Walter na kocha Sepp Herberger. Ninachokienzi kwa Dassler ni utaratibu wake. Alitazama mbingu, akatazama nyasi, kisha akachagua meno. Utaratibu huo hauhitaji fedha, na kocha wa timu ya shule anaweza kuufuata kesho.

Nafasi inadai nini

Ukishajua uwanja wako, nafasi unayocheza inakusaidia kuchagua kati ya viatu vinavyofaa uwanja huo.

Kipa anasukuma mwili kwenda pembeni na juu, na mara nyingi anasimama mahali palipochakaa kuliko kote uwanjani, pale mbele ya goli ambapo nyasi zimekwisha. Anahitaji meno yanayoshika hasa upande wa ndani wa mguu, na sehemu ya mbele isiyo na mikunjo inayopotosha mpira anapopiga goli kiki. Beki wa kati anarudi kinyumenyume, anaruka, anagongana. Kwake kisigino kinachoshika na ngozi nene inayolinda vidole ni muhimu kuliko wepesi.

Beki wa pembeni na winga wanaishi kwa mbio za mstari mnyoofu na kukata ghafla. Kwao wepesi ni mali, na kwenye nyasi nzuri za asili meno ya bapa yanayowasukuma mbele yana faida. Kiungo ndiye anayegeuka kuliko wote. Anapokea mpira ameupa mgongo uwanja, anazunguka, anazunguka tena. Alipendaye goti lake atafute meno ya mviringo, kwa kuwa hayo huzunguka ardhini bila kung'ang'ania, na ngozi laini inayomwezesha kuusikia mpira. Ndiyo sababu Copa Mundial ya Adidas, iliyotoka mwaka 1979 ikiwa na meno kumi na mawili ya mviringo, bado inauzwa hadi leo. Mshambuliaji anahitaji hatua tatu za kwanza zenye kasi na ngozi nyembamba mbele, ili ajue mpira umemgusa wapi.

Lakini winga mwenye kiatu cha winga kwenye uwanja usiostahili atateleza kama mtu mwingine yeyote. Nafasi haijawahi kuushinda uwanja.

Mguu wenyewe

Pima mguu nyumbani. Simama juu ya karatasi jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa shughuli za siku, weka alama kisigino na kidole kirefu, kisha pima kwa sentimita. Namba za Uingereza, Ulaya na Marekani zinatofautiana na kila kampuni ina mkono wake, lakini lebo ndani ya ulimi wa kiatu mara nyingi huandika pia sentimita. Jaribu ukiwa umevaa soksi za mechi. Kidole kibaki na nafasi ndogo mbele, kisigino kisipande unapotembea. Ngozi halisi itatanuka kidogo. Ya plastiki karibu haitanuki.

Wazazi, naomba mnisikie hapa. Tabia ya kumnunulia mtoto njumu iliyozidi namba mbili ili "avae mpaka mwakani" inamuumiza. Mguu unaoteleza ndani ya kiatu hupata malengelenge, na kifundo hukosa kitu cha kukishikilia. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 hivi akilalamika kisigino kinauma baada ya mazoezi, msimwite mvivu. Mfupa wa kisigino katika umri huo bado unakua, na meno magumu kwenye ardhi ngumu huuchokoza. Mvueni njumu, mpeni raba au TF, apumzike, na maumivu yakiendelea aonwe na daktari.

Kwa mabinti suala la kiatu kinachofaa ni zito zaidi. Wachezaji wa kike huumia kano ya mbele ya goti mara nyingi kuliko wa kiume, na kwa miaka mingi walivaa njumu zilizochongwa kwa umbo la mguu wa mwanaume. Mwaka 2023 Nike ilitoa Phantom Luna, njumu iliyobuniwa kwa wachezaji wa kike, yenye meno ya mbele yaliyopangwa kwa duara ili mguu ugeuke kwa urahisi. Binti wa mtaani kwetu huenda asiipate. Anaweza kupata meno mafupi ya mviringo, na hilo ni jambo kubwa.

Mezani na nyumbani

Ukiwa kwenye mtumba, kigeuze kiatu. Kikunje: kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati ya unyayo, soli imechoka. Tafuta ufa kati ya meno ya mbele. Vuta kila jino kwa vidole. Ingiza mkono ndani, tafuta msumari au mshono uliokatika. Kabla ya mechi ya kwanza, mpe fundi akushonee soli kuzunguka. Gundi peke yake haistahimili changarawe. Na kumbuka mwamuzi ana haki ya kukukagua: sheria ya nne ya soka inataka kila mchezaji awe na viatu na inakataza kifaa chochote cha hatari, na jino la chuma lililochongoka ni hatari.

Baada ya mechi, gonga tope, futa kwa kitambaa chenye maji, jaza magazeti ndani, anika kivulini. Jua kali na moto wa jiko hukausha ngozi na kuachisha gundi. Usitembee nazo kwenye lami, vaa ukifika.

Kabla ya yote hayo, nenda uwanjani kwako na ufunguo wa mlango. Uchomeke ardhini kwa nguvu ya mkono. Ukigoma kuingia, hapo meno marefu hayana kazi. Ukiingia nusu, FG itakufaa. Ukizama wote na ukatoka na tope, ndipo ufikirie SG. Ukimaliza, futa ufunguo, uutie mfukoni, ndipo upande daladala kwenda Karume. Muuzaji atakuonyesha rangi. Wewe kipokee kiatu, ukigeuze.