Klaus: Waziri aliyewauzia Wacheki viwanda kwa kijitabu

Nje ya mipaka ya nchi yake, Václav Klaus hukumbukwa na wengi kwa kalamu. Mnamo Aprili 2011, akiwa ziarani Chile kama Rais wa Jamhuri ya Czech, kamera zilimnasa akiikagua kalamu ya heshima iliyokuwa mezani, akaishusha polepole chini ya meza na kuitia mfukoni, ilhali mwenyeji wake, Rais Sebastián Piñera, alikuwa akiendelea kuhutubia wanahabari. Ulimwengu ulicheka.

Nyumbani kwake kumbukumbu ni nyingine, nayo si ya kuchekesha. Wacheki waliokwisha kuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1990 humkumbuka kwa kijitabu cha vocha kilichouzwa na serikali kwa koruna 1,035, kiasi kilichokaribia robo ya mshahara wa wastani wa mwezi. Aliyekinunua alipata pointi 1,000 za kubadilisha kwa hisa za viwanda vya umma.

Bw Klaus alizaliwa jijini Prague mnamo Juni 19, 1941, akasomea uchumi na kuhitimu mwaka wa 1963. Alipata bahati ambayo wenzake wengi hawakuipata: alisoma kwa muda Italia, kisha katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kabla ya milango kufungwa kabisa. Majeshi ya Kisovieti yalipozima vuguvugu la mageuzi la 1968, aliondolewa katika taasisi ya utafiti na kufanya kazi katika benki ya serikali kwa miaka mingi. Hakuwa mfungwa wa kisiasa kama Václav Havel. Alikuwa msomi aliyesoma kimyakimya maandishi ya wanauchumi wa soko huria na kungoja.

Zamu yake ilifika Desemba 1989. Utawala wa kikomunisti ulikuwa umeporomoka bila risasi kufyatuliwa, na Bw Klaus akateuliwa Waziri wa Fedha wa Czechoslovakia. Hapo pana wajibu mzito usio na kifani: karibu kila kitu, kuanzia kiwanda cha chuma hadi duka la mkate, kilikuwa mali ya serikali. Mnamo Januari 1, 1991 bei nyingi ziliachiwa soko, na mfumko wa bei mwaka huo ukapita asilimia 50.

Swali gumu lilikuwa moja. Nani angenunua viwanda, iwapo wananchi hawakuwa na mtaji na wageni wenye fedha walikuwa wachache? Baadhi ya makampuni yaliuziwa wageni moja kwa moja. Watengenezaji wa magari ya Škoda waliingia ubia na Volkswagen ya Ujerumani mwaka wa 1991. Bw Klaus na naibu wake, Dušan Tříska, walishikilia kwamba makampuni mengi zaidi yagawiwe raia wenyewe, tena haraka, kabla ya wakurugenzi wa zamani kujinyakulia mali hiyo kinyemela. Katika fikira hiyo, kungoja sheria zote zikamilike kulikuwa sawa na kungoja ng'ombe waibwe ndipo zizi lijengwe.

Mwanzoni wananchi walisitasita. Ndipo akajitokeza kijana aliyesomea Marekani, Viktor Kožený, aliyeanzisha mifuko ya uwekezaji kwa jina la Harvard, ingawa haikuwa na uhusiano wowote na chuo hicho. Matangazo yake yaliahidi kwamba atakayemkabidhi pointi zake angeweza kudai mara kumi ya bei ya kijitabu baada ya mwaka mmoja na siku moja. Watu walimiminika. Hatimaye takriban watu milioni 8.5 walijiandikisha katika awamu ya kwanza, na zaidi ya asilimia 70 ya pointi zikaishia mikononi mwa mifuko ya namna hiyo.

Hapa ndipo dosari ilipojificha. Mifuko mikubwa mingi ilianzishwa na benki, na benki zenyewe serikali ilikuwa bado na hisa nyingi ndani yake. Benki iliyaazima fedha makampuni ambayo mfuko wake uliyamiliki, na haikuwa na hamu ya kuyafilisi hata yaliposhindwa kulipa. Soko la Hisa la Prague lilifunguliwa Aprili 1993, lakini tume ya kulisimamia haikuundwa hadi Aprili 1998. Katika miaka hiyo mitano wajanja walipata mwanya. Msimamizi aliiuzia kampuni yake binafsi mitambo na majengo kwa bei ya kutupa, akaiacha kampuni ya umma ikiwa kama mti ulioliwa na mchwa: gome zima, ndani tupu. Wenye hisa walibaki na karatasi. Wacheki waliupa wizi huo jina la kuchimba handaki, na neno hilo likaingia katika lugha za wanauchumi kote duniani.

Bw Kožený alikimbilia Bahamas. Mahakama ya Prague ilimhukumu kifungo cha miaka 10 mnamo 2010 bila yeye kuwapo.

Haitakuwa haki kumtwika waziri huyo wa zamani kila hasara. Ukosefu wa ajira Czech ulibaki chini ya asilimia 5 katika nusu ya kwanza ya mwongo huo, na mwaka wa 1995 taifa hilo lilikuwa la kwanza miongoni mwa yaliyokuwa ya kikomunisti kujiunga na OECD, jumuiya ya mataifa yenye viwanda. Wanaomtetea husema pia kwamba hapakuwa na njia safi ya kuuza nchi nzima. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tume ya kusimamia soko la hisa haikuhitaji muujiza. Ilihitaji tu waziri, na baadaye Waziri Mkuu, aliyeamini kuwa ina kazi ya kufanya.

Uwaziri Mkuu aliupata Julai 1992, akiongoza chama cha ODS alichokianzisha mwaka uliotangulia. Yeye na kiongozi wa Slovakia, Vladimír Mečiar, ndio waliokubaliana kuigawa Czechoslovakia, na Januari 1, 1993 yakazaliwa mataifa mawili bila tone la damu. Mei 1997 sarafu ya koruna ilishambuliwa na walanguzi hadi serikali ikashindwa kuilinda. Novemba mwaka huohuo ikabainika kwamba wafadhili waliotajwa katika vitabu vya ODS walikuwa wa kubuni, mmoja wao Mhungari aliyekwisha kufariki. Fedha hizo, koruna milioni 7.5, zilitoka kwa mchezaji wa zamani wa tenisi aliyekuwa na maslahi katika ubinafsishaji wa kiwanda cha chuma. Bw Klaus alikuwa Sarajevo wenzake walipomtaka ajiuzulu. Mmoja wao alikuwa Waziri wake wa Fedha, Ivan Pilip. Akang'atuka.

Wengi walidhani amekwisha. Mwaka uliofuata alikuwa Spika wa Bunge kwa mapatano na hasimu wake, Miloš Zeman, na Februari 2003 wabunge wakamchagua Rais kumrithi Havel. Alikaa Kasri la Prague miaka 10, akiukosoa Umoja wa Ulaya bila kuchoka. Alikuwa kiongozi wa mwisho kutia saini Mkataba wa Lisbon, Novemba 3, 2009.

Miezi miwili kabla ya kuondoka, mnamo Januari 1, 2013, alitangaza msamaha wa kuadhimisha miaka 20 ya jamhuri. Zaidi ya wafungwa 6,000 waliachiliwa. Kilichowaghadhibisha raia kilikuwa kifungu cha pili, kilichofuta kesi zilizodumu zaidi ya miaka minane iwapo adhabu yake haikuzidi miaka 10, zikiwamo kesi kubwa za ulaghai wa kifedha. Baadhi ya shule na ofisi ziliteremsha picha zake ukutani. Machi 4, Seneti ilimshtaki kwa uhaini kwa kura 38 dhidi ya 30. Muhula wake ulimalizika siku tatu baadaye, na Machi 27 Mahakama ya Katiba ikaitupa kesi hiyo kwa kuwa mshtakiwa hakuwa tena Rais. Wenye vijitabu hawakurejeshewa chochote.