Mtoto Akiuliza: Argwings Kodhek Alikuwa Nani?

Mzazi, ukipita Hurlingham jijini Nairobi ukiwa na mwanao kwenye matatu, huenda akasoma kibao na kukuuliza: “Argwings Kodhek ni nani?” Usimjibu kwamba ni barabara tu.

Chiedo Argwings-Kodhek alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, ambayo leo iko Kaunti ya Siaya. Alisoma Makerere, kisha akaenda Uingereza. Siku hizo serikali ya kikoloni haikupenda Mwafrika asomee sheria. Yeye aliisomea, na anatajwa kuwa wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya.

Aliporudi, alipewa kazi serikalini kwa mshahara wa chini kuliko wa Mzungu mwenye cheo hichohicho. Akaikataa. Hata kupata makazi kulikuwa mtihani: mkewe alikuwa Mzungu wa Ireland, na mitaa ya Nairobi iligawanywa kwa rangi.

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Kukutwa na risasi tu kungeweza kukupeleka kitanzini, na zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Kodhek alisimama mahakamani kuwatetea washukiwa wa Mau Mau, wengi wao wakiwa hawana pesa za kumlipa wakili.

Vyama vya Waafrika vya nchi nzima vilipigwa marufuku, vikaruhusiwa vya wilaya tu. Akaanzisha Nairobi District African Congress. Machi 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwania kiti cha Nairobi. Kijana Tom Mboya akamshinda.

Hakukata tamaa. Mwaka 1963 alichaguliwa mbunge wa Gem, na baadaye akawa waziri. Januari 1969 alifariki usiku, gari lake likiwa kwenye barabara hiyohiyo ya Hurlingham. Ilitangazwa kuwa ni ajali, wengi hawakuamini. Miezi michache baadaye, Mboya naye aliuawa kwa risasi.

Leo watoto wanamjua Mboya, na Kodhek amebaki kibao cha barabarani. Basi mwambie mwanao hivi: huyu alishindwa uchaguzi, lakini watu waliokuwa wakikabiliwa na kitanzi walipohitaji wa kuwasemea, yeye alisimama. Halafu muulize: darasani kwenu, mwenzako akionewa, nani husimama?