Kura na Hesabu Darasani

Mtoto hawi raia mwema kwa kukariri tu. Aweza kuzitaja rangi zote za bendera na kuimba wimbo wa taifa bila kosa, na bado asijue la kufanya siku anaposhindwa katika kura, au fedha za chama zinapopungua. Mambo hayo hujifunzwa kwa kutendwa.

Kazi iliyo rahisi kuanzia ni kumchagua monita. Katika shule nyingi mwalimu hutaja majina na watoto huinua mikono. Lakini mtoto, kabla ya kuinua mkono wake, humtazama mwalimu kwanza, kisha humtazama yule mwenye nguvu aketiye nyuma. Watu wazima nao waliyaona hayo. Mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, wanachama walisimama mlolongo nyuma ya wale waliowataka, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa, bila kura ya siri. Malalamiko yalikuwa mengi, na njia hiyo ikaachwa kabla ya uchaguzi wa 1992. Katiba ya 2010 yampa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura kwa siri.

Basi darasani na iwe vivyo hivyo. Makopo matupu, kila moja na jina lake, huwekwa nyuma ya pazia la gunia, na kila mtoto hupita peke yake. Wengine hutumia punje za mahindi, lakini ni heri vipande vya karatasi vyenye alama ya mwalimu, maana mahindi hupatikana hata mfukoni! Kura zihesabiwe mbele ya wote, na zikizidi idadi ya watoto, zirudiwe.

Ugumu humfikia mwalimu mwenyewe. Huenda watoto wakamwacha msichana mwenye bidii wakamchagua mcheshi wa darasa. Mwalimu akiyatangua matokeo, amewafunza kwa dakika moja kwamba kura ni mchezo, na somo hilo halitafutika upesi. Yafaa amwache mcheshi afanye kazi yake muhula mmoja, kisha watoto wapige kura tena, wakiwa wamekwisha kuona kelele na vumbi la darasa lisilofagiwa.

Kazi ya pili ni fedha. Vyama vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianzishwa mwaka 1962 kuwafunza watoto kulima na kufuga, na vilifufuliwa mwaka 2021. Watoto wakiuza sukuma wiki ya bustani yao, hesabu na iwe mikononi mwao: mmoja ashike daftari, mwingine ashike fedha, na kila Ijumaa hesabu isomwe kwa sauti. Ikiwa shilingi 20 hazionekani, mwalimu asizilipe kimya kimya kwa huruma. Mara nyingi kosa ni la kujumlisha tu, lakini mshika daftari hujifunza kujibu bila hofu, na wenzake hujifunza kuuliza bila matusi.

Hapo ndipo wazazi hutatizika. Mtoto aliyezoea kusikia hesabu kila Ijumaa aweza kurudi nyumbani akauliza hesabu ya mradi wa maji ilisomwa lini mara ya mwisho, na baba yake ndiye mweka hazina. Asikemewe. Na aletewe daftari alione.