Kwa nini wanamaji wa India wana ndege zao wenyewe

Alfajiri ya Desemba 15, mwaka 2023, ndege ya doria ya Jeshi la Wanamaji la India ilipita juu ya meli ya mizigo MV Ruen katika Bahari ya Uarabuni. Meli hiyo, iliyokuwa ikipeperusha bendera ya Malta, ilikuwa imetekwa siku moja kabla na maharamia wa Kisomali, na tangu saa hiyo wanamaji waliifuatilia nyendo zake.

Miezi mitatu baadaye maharamia waliamua kuitumia meli hiyo hiyo kama kituo chao cha kuvizia meli nyingine. Hapo ndipo manowari INS Kolkata ilipowakabili. Waliidungua ndege ndogo isiyo na rubani iliyorushwa kutoka kwenye manowari hiyo, lakini Machi 16, mwaka 2024, baada ya operesheni iliyochukua takriban saa 40, maharamia wote 35 walijisalimisha na mabaharia 17 wakaokolewa wakiwa hai. Mahali penyewe palikuwa kiasi cha kilomita 2,600 kutoka pwani ya India.

Manowari peke yake haioni mbali hivyo. Rada yake huishia kwenye upeo wa macho, kwani dunia ni duara na bahari hujikunja pamoja nayo. Ndege iliyo juu angani huona mamia ya kilomita. Kwa bandari kama Mombasa na Dar es Salaam, ambazo shehena zake nyingi hupita katika maji hayo, swali la nani anaona nini baharini si la kinadharia. Meli Maersk Alabama, iliyotekwa Aprili 2009, ilikuwa safarini kuelekea Mombasa ikiwa na chakula cha msaada.

Lakini kwa nini ndege hizo ziwe chini ya wanamaji, ilhali India ina Jeshi la Anga kubwa na lenye uzoefu?

Swali hilo ni la kale kuliko India huru. Uingereza, ambayo India ilirithi kwake mila nyingi za kijeshi, iliunda Jeshi la Anga Aprili 1, mwaka 1918, na kulikabidhi ndege zote, zikiwamo zile za wanamaji. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kwa wanamaji kurudishiwa ndege za kwenye meli, jambo lililokamilika mwaka 1939, miezi michache tu kabla ya vita. Ndege za doria za masafa marefu zinazoruka kutoka nchi kavu hazikurudishwa. Hadi leo, nchini Uingereza, zimo mikononi mwa Jeshi la Anga.

India nayo ilianza na mgawanyo wa namna hiyo. Kituo cha kwanza cha anga cha wanamaji wake, INS Garuda, kilifunguliwa Kochi Mei 11, mwaka 1953, na Machi 1961 manowari ya kwanza ya kubeba ndege, INS Vikrant, iliingia kazini ikiwa na ndege za kivita Sea Hawk za Uingereza na Alize za Ufaransa. Desemba 1971, katika vita vilivyozaa taifa la Bangladesh, Sea Hawk hizo zilizishambulia bandari za Cox's Bazar na Chittagong. Ndege za kwenye sitaha zilikuwa mali ya wanamaji bila ubishi. Doria ya masafa marefu ilibaki kwa Jeshi la Anga.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 1976. Serikali iliamua kwamba doria ya baharini ni kazi ya wanamaji, nao wakapewa ndege kuukuu aina ya Super Constellation ambazo awali zilikuwa zikibeba abiria wa Air India. Ulikuwa urithi wa kinyonge, ila wanamaji waliupokea kwa mikono miwili. Hoja yao ilikuwa kwamba anayeitazama bahari kutoka angani lazima awe baharia kwanza: aweze kutofautisha jahazi la wavuvi na jahazi linalosubiri windo, na aseme lugha moja na nahodha anayemtegemea.

Mwaka uliofuata zilianza kuja Ilyushin-38 kutoka Urusi ya Kisovieti, na mwaka 1988 Tupolev-142, dege la injini nne lenye uwezo wa kukaa angani kwa saa nyingi mno. Tupolev zilistaafu Machi 2017 na Ilyushin Oktoba 2023. Nafasi yao imeshikwa na Boeing P-8I, iliyotua India kwa mara ya kwanza Mei 2013. Zipo 12.

Msafiri wa kawaida akiiona P-8I huenda asishtuke, kwani umbo lake ni la Boeing 737 zinazobeba abiria kila siku. Tofauti imo ndani. Badala ya viti vya abiria kuna meza za mitambo, na badala ya mizigo kuna topido, makombora ya kuzamisha meli na maboya madogo ya kusikilizia. Maboya hayo hudondoshwa baharini, na kila moja hutuma kwa redio sauti linazozinasa chini ya maji. Kwa kulinganisha sauti za maboya kadhaa, wahudumu hukadiria nyambizi ilipo. Nchini Uingereza ndege ya jamii hiyo hiyo hurushwa na Jeshi la Anga. Mashine ni ileile, bosi tofauti.

Mpangilio wa kikosi chenyewe una mambo yanayoweza kumchanganya mgeni. Vituo vya nchi kavu huitwa meli. INS Hansa iliyoko Goa, INS Rajali ya Arakkonam karibu na Chennai na INS Dega ya Visakhapatnam ni viwanja vya ndege, lakini vyote hubeba kifupisho cha manowari. Watalii wanaotua uwanja wa Dabolim, Goa, hutumia njia ya kurukia ya wanamaji, pengine bila kujua.

Ndege zimegawanywa katika vikosi vidogo, yaani skwadroni, ambavyo namba zake huanzia 300. Skwadroni ya 300, yenye nembo ya chui mweupe, ndiyo ya ndege za kivita tangu enzi za Sea Hawk. Admeri mwenye ofisi Goa husimamia mafunzo, usalama na utayari wa ndege. Amri ya kwenda kazini, hata hivyo, hutoka kwa kamandi za Mumbai, Visakhapatnam na Kochi, na skwadroni ikipanda melini huwa chini ya nahodha wa meli hiyo. Rubani na baharia wana mkubwa mmoja, na huo ndio moyo wa mpango mzima.

Upande wa ndege za kwenye sitaha, mambo si mepesi. India ina manowari mbili za kubeba ndege: INS Vikramaditya, iliyonunuliwa Urusi na kuanza kazi Novemba 2013, na INS Vikrant mpya, yenye urefu wa mita 262, iliyojengwa Kochi na kuzinduliwa rasmi Septemba 2, mwaka 2022. Zote hazina mtambo wa kurusha ndege kwa nguvu kama ule wa manowari za Marekani na Ufaransa. Ndege hukimbia kwa injini zake, hupanda kilima kilicho mbele ya sitaha na kurushwa juu. Inaporejea hunasa waya kwa ndoana ya mkiani na kusimamishwa ghafla.

Njia hiyo ni nafuu, ila ina gharama zake. Ndege haiwezi kuondoka na shehena yote ya mafuta na silaha, na ndege nzito za rada haziwezi kabisa. Kazi ya kuchungulia mbali kwa niaba ya manowari imeachiwa helikopta Kamov-31, ambayo hukunjua bapa la rada chini ya tumbo lake na kulizungusha ikiwa angani.

Ndege za kivita MiG-29K, ambazo 45 ziliagizwa Urusi, zimewaumiza vichwa wanamaji kwa miaka mingi. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya mwaka 2016 ilieleza kuwa injini 40, sawa na asilimia 62, ziliondolewa kazini au kukataliwa kutokana na kasoro za usanifu, na kwamba kiwango cha ndege zilizo tayari kuruka kilikuwa kati ya asilimia 15.93 na 37.63. Kwa maneno mengine, kuna nyakati ambapo kati ya ndege sita, moja tu ingeweza kuruka.

Aprili 28, mwaka 2025, India ilitia saini mkataba na Ufaransa wa kununua Rafale 26 za wanamaji, 22 za kiti kimoja na nne za viti viwili, ambazo kuwasili kwake kutachukua miaka kadhaa. Helikopta 24 za Marekani aina ya MH-60R za kuwinda nyambizi tayari zina skwadroni yake Kochi tangu Machi 2024. Oktoba mwaka huo huo uliagizwa mzigo wa ndege 31 zisizo na rubani za MQ-9B, 15 kati yake zikiwa za wanamaji.

Katika mkasa wa MV Ruen, hata hivyo, makomandoo wa wanamaji hawakufika kwa ndege ya wanamaji. Waliangushwa kwa miamvuli karibu na INS Kolkata, pamoja na boti zao, kutoka kwenye dege la uchukuzi C-17 lililoruka kwa takriban saa 10. Dege hilo ni mali ya Jeshi la Anga.